Wito wa Ratili

Mtu ninayetaka kumweleza hapa alikuwa fundi wa mizani siku za kazi na mpiga gitaa siku za mapumziko, na katika shughuli zote mbili watu walimwita Ratili. Jina hilo alibandikwa na wauza nyama, kwa sababu aliendelea kutaja ratili katika mazungumzo miaka mingi baada ya watu wengine wote kuhamia kwenye kilo. Alikuwa mume wa dada yangu mdogo. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita mwalimu, hata baada ya mimi kustaafu na kubaki mwalimu wa jina tu.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kati ya duka la vifaa vya umeme na ofisi ya mpiga chapa. Mizani za sahani zilining'inia kwenye kulabu za darini, za kupimia magunia zilisimama sakafuni kama ng'ombe waliochoka, na juu ya rafu yalipangwa mawe ya shaba ya kupimia uzito, kuanzia lile dogo kama kifungo cha shati hadi lile lililohitaji mikono miwili. Alipokuwa akirekebisha mizani hakuzungumza. Aliweka jiwe, akasubiri mshale utulie, akainama hadi jicho lake likawa sawa na mshale, akaondoa jiwe, kisha akaliweka tena. Wateja wenye haraka walimtania kwamba mizani ingeweza kuzaa kabla hajaimaliza. Hakujali. Aliniambia siku moja kwamba kosa dogo la mizani ni kubwa kwa sababu linarudiwa kutwa nzima, na kila mnunuzi anaondoka nalo kidogo bila kujua.

Katika bendi mambo yalikuwa kinyume kabisa, na sharti nieleze jambo hili taratibu, maana bila hilo yaliyompata shemeji hayataeleweka.

Walikuwa watu watano. Ratili alipiga gitaa la solo. Rafiki yake wa tangu ujana, fundi wa kupaka rangi magari aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake, alipiga dramu, naye ndiye aliyekuwa kiongozi. Walikuwepo pia mpiga besi, mpiga tarumbeta, na binti mmoja aliyepiga kinanda, mdogo kuliko wenzake wote, ambaye wazee hao walimlea kama mtoto wao. Nyimbo zao hazikuwa nyingi. Sifa yao ilitokana na kile walichokiita matembezi. Wimbo ulianza kama nyimbo zote, ukaimbwa beti mbili au tatu, kisha wakaacha kuimba na vyombo vikaachwa vitembee. Hapo hakuna aliyejua kinachofuata. Mmoja alitupa sauti, mwingine akaidaka, wa tatu akaigeuza, na wimbo ukaenda mbali sana na mahali ulikoanzia, kila siku njia yake.

Katika matembezi walikuwa na amri mbili. Ya kwanza ilizaliwa siku fimbo ya Kijiti ilipokatika katikati ya wimbo, naye, badala ya kusimama, akaendelea kwa kiganja kitupu. Wenzake wakapunguza sauti ili kiganja kisikike, na wasikilizaji wakapagawa. Tangu hapo ilikubaliwa kwamba anayekosea katika matembezi hasahihishwi. Wenzake wanamfuata, kana kwamba alikusudia, mpaka kosa lipate maana. Amri ya pili ilihusu kurejea. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuwarudisha wote kwenye wimbo, naye alikuwa Ratili. Alikuwa na kipande kifupi cha gitaa, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka, walichokiita wito. Ukisikika wito, popote walipokuwa, wote watano waligeuka kwa pamoja na kuingia kwenye kiitikio. Zamani mpiga tarumbeta aliwahi kuita kwa hiari yake. Nusu ya bendi ikarejea, nusu ikabaki, wakagongana kama watu wawili mlangoni, na ukumbi mzima ukacheka. Baada ya aibu hiyo hakuna aliyethubutu tena kumwingilia Ratili.

Kwa miaka mingi utaratibu huo uliwafaa. Nimewasikia mara nyingi, na sijawahi kumwona mtu anayefurahia kutojua kama shemeji yangu alipokuwa katika matembezi, yeye ambaye kwenye benchi lake hakuvumilia hata unyoya juu ya sahani.

Dalili za kwanza zilionekana karakanani. Alirekebisha mizani moja, akaitundika, na baada ya muda akaishusha na kuirekebisha upya kana kwamba imeletwa sasa hivi. Kisha akaanza kuchanganya wenyewe. Muuza nyama mmoja alimjia akiwa amebeba kimizani kidogo cha sonara na kukiweka juu ya benchi.

"Fundi," akamwambia, "umeniletea cha kupimia pete. Paja la ng'ombe nilikate vipande vya ukubwa gani, wa kunde?"

Watu waliokuwepo walivunjika mbavu. Ratili naye alicheka, lakini muuza nyama alipoondoka na mizani yake ya kweli, shemeji aliketi kwenye kigoda na kushika tama mpaka dada yangu alipomletea chakula. Alimwambia kwamba hakukumbuka kumwona sonara yeyote.

Dada yangu alimpeleka hospitali, nami nikawasindikiza. Sitaandika mengi juu ya safari zile. Mwishowe daktari, mwanamke mpole aliyezungumza taratibu, alitueleza kwamba ubongo wa Ratili ulikuwa unapoteza kumbukumbu, kwamba dawa zingeweza kuchelewesha lakini zisingezuia, na kwamba kilichokwisha kupotea kisitegemewe kurudi. Shemeji alimuuliza iwapo vidole navyo husahau. Daktari akajibu kwamba mara nyingi vidole hukumbuka kwa muda mrefu kuliko kichwa, lakini navyo siku yao hufika.

 Jioni ile Ratili akamwambia mkewe maneno ambayo dada yangu amenisimulia mara kadhaa, kila mara kwa namna ileile.

"Mama watoto, nikiharibu mizani, mwenyewe ananirudishia na kunitukana. Najua nimekosea. Kule kwenye bendi nikikosea wananifuata, watu wanapiga makofi. Sasa mimi nitajuaje nimefika wapi?"

Haikuwa hofu ya kuugua iliyomsumbua. Hilo alilipokea kwa utulivu ulionishangaza. Alichotaka ni kwamba siku atakapopotea jukwaani, awepo mwenzake mmoja wa kutambua, amwite, kisha wakubaliane kwamba imetosha, na yeye aliweke gitaa chini kwa heshima akiwa bado anaelewa anachokiweka. Hicho tu ndicho alichokitaka. Ukikitazama, ni kitu kidogo.

Alikwenda kumwomba Kijiti. Gereji ya Kijiti ilikuwa na harufu ya rangi na tina, na mazungumzo yao yalifanyika huku Kijiti akiusugua mlango wa gari kwa msasa. Ratili alimweleza aliyoyasema daktari. Akamwomba kwamba katika onyesho lililokuwa mbele yao, akimwona anahangaika, avunje amri ya pili na kuita kwa dramu, kwa mapigo yaleyale matatu na moja. Kijiti alimsikiliza akiendelea kusugua. Alimpenda sana Ratili, na nadhani ndiyo sababu hakutaka yale maneno yamwingie. Alisema madaktari wa siku hizi kazi yao ni kutisha watu. Alisema hata yeye huitafuta miwani yake nyumba nzima, kumbe imo kichwani. Kisha akauliza ni lini Ratili amepotea katika matembezi, hata mara moja, katika miaka yote hiyo. Ratili akataja maonyesho mawili ya karibuni. Kijiti akaacha kusugua, akamtazama kwa furaha.

"Zile?" akasema. "Ndugu yangu, zile ndizo siku ulizopiga vizuri kuliko zote. Mgonjwa wa kusahau hawezi kupiga vile."

 Kila Ratili alipokosea, wenzake walikuwa wamelivika kosa lake nguo nzuri, na sasa nguo hizo zilitolewa kama ushahidi kwamba yeye ni mzima.

Onyesho lilifanyika alasiri ya siku ya mapumziko, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Viti vya plastiki vilijaa, watu wakasimama hadi kwenye milango ya pembeni, na mapangaboi ya darini yalizungusha joto bila kulipunguza. Mimi na dada yangu tuliketi safu ya tatu. Karibu na jukwaa alikuwepo fundi wa sauti aliyekuwa akirekodi kila kitu.

Haki ni kusema kwamba walipiga vizuri kupita kiasi. Katika wimbo wa pili tarumbeta na kinanda viliingia kwenye ubishi, kimoja kikiuliza, kingine kikijibu kwa mkato, hadi watu wakaanza kucheka kwa sauti kama wanaosikiliza wanandoa wakizozana kupitia ukutani. Katika wimbo wa nne Kijiti alianza kugonga ukingo wa ngoma kidogokidogo, kama mvua ya kwanza juu ya bati, mvua ikakolea, besi ikawa ngurumo ya mbali, na mwanamke mmoja mbele yangu akainua kiganja kutazama kama analowa. Ratili alikuwa sawasawa. Aliita, wakarejea. Aliita tena, wakarejea. Dada yangu akaanza kupumua.

Wimbo wa mwisho ndio uliokuwa mrefu. Walipoingia matembezini Ratili aliongoza, na kwa muda gitaa lake lilizungumza kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, laini, bila papara, kama mtu anayesimulia jambo la utotoni kwa mgeni anayemwamini. Kisha nikamwona anatazama mkono wake wa kushoto. Mpiga gitaa wa umri ule hatazami mkono wake.

Akapiga sauti tatu za kupanda. Nilijua kinachofuata, na ukumbi mzima ulijua. Ile ya kushuka haikuja. Mkono ulisita juu ya nyuzi, ukagusa mahali pengine, ikatoka sauti ngeni. Mpiga besi akaidaka palepale na kuigeuza hatua za kutembea. Ratili akajaribu tena: tatu, kisha mahali pengine pabaya zaidi. Kinanda kikaifuata, kikaipamba, kikaifanya ionekane kama mlango uliokuwa ukitafutwa tangu mwanzo. Kila alipotafuta njia, wenzake walimtandikia zulia kuelekea alikopotelea. Watu walisimama. Walikuwa wakipiga mayowe.

Akamgeukia Kijiti. Akatikisa kichwa kumwashiria hapana. Kijiti akatikisa kichwa vilevile, kwa mdundo, huku akicheka. Ratili akamsogelea hadi karibu na ngoma, akainama, akasema neno. Kijiti mwenyewe aliniambia baadaye neno lile lilikuwa nini. Lilikuwa "Nimepotea." Naye akamjibu, kwa sababu aliliona ni neno la mtu aliyelewa muziki, "Twende!"

Binti wa kinanda alikuwa akiwatazama. Alinyoosha mkono wa kuume kana kwamba anataka kupiga jambo fulani, kisha akaurudisha.

Ndipo shemeji yangu alipoacha. Hakumaliza, aliacha tu. Aliinua mikono kutoka kwenye gitaa na kuiachia ining'inie ubavuni, akasimama katikati ya jukwaa akiwatazama watu kwa macho makavu. Besi ikanyamaza, ikimfuata. Tarumbeta ikanyamaza, kinanda kikafifia, na mwisho Kijiti akaikumbatia tasa yake, ile sahani ya shaba ya dramu, kwa mikono miwili ili isivume. Tukasikia mapangaboi. Tukasikia mtoto akikohoa nyuma kabisa. Kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi ambayo sijawahi kusikia mfano wake.

Dada yangu hakupiga makofi. Alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake zilinipenya.

Wiki iliyofuata rekodi ilisambaa. Watu walimpitia Ratili karakanani kumpongeza kwa ule ukimya. Mpiga chapa jirani alisema wapiga gitaa wote wanajua kupiga, ila kuacha kupiga kunataka mtu mzima. Shemeji alishukuru kwa adabu. Hakuwa mtu wa kumwaibisha mgeni.

Walipokutana kwa mazoezi gerejini, Kijiti aliiweka rekodi ile kwenye spika ndogo, wakakaa juu ya matairi kuisikiliza. Nilikuwepo, kwa kuwa dada yangu aliniomba nimsindikize mumewe. Njia ya kwenda kule ilikuwa imeanza kumchanganya. Rekodi ilipofika kwenye zile sauti tatu, Ratili alisema izimwe. Akaanza kueleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wateja kwa nini mizani yao imeharibika. Alisema pale hakuwa akibuni chochote. Alikuwa akiutafuta wito na hakuuona. Alisema alimgeukia kila mmoja wao kwa zamu kuomba msaada, na kila mmoja akamsukuma mbele zaidi.

 Mpiga tarumbeta akaanza kucheka, akitegemea kwamba Ratili naye atacheka. Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba alitaka kumwita, lakini alikumbuka amri. Kijiti akamwambia afadhali alivyojizuia, angeharibu kitu ambacho Mungu hukileta mara moja. Kisha akamshika Ratili bega.

"Mzee, sisi hatukuona mtu aliyepotea," akasema. "Lakini kama kupotea kwenyewe ndiko kule, basi Jumamosi potea hivyohivyo. Watu wanakuja kwa ajili hiyo."

Wakacheka wote, na kicheko kilikuwa cha upendo, jambo lililokifanya kiwe kibaya zaidi. Nilijaribu kusema neno. Niliwaeleza kwamba nimemsikia daktari kwa masikio yangu. Kijiti akanijibu kwa heshima zote kwamba mwalimu anajua vitabu, lakini muziki amwachie yeye. Kisha wakapatana jinsi wimbo ule utakavyopigwa tangu siku hiyo. Wito ungeondolewa. Matembezi yangeendelea hadi Ratili atakapoinua mikono, nao wote wangenyamaza nyuma yake, mmoja baada ya mwingine. Walimuuliza iwapo ameelewa. Akasema ameelewa. Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza wamekubaliana nini. Nikamweleza, naye akaitikia, na tulipofika nyumbani akaniuliza tena.

Siku zilizobakia kabla ya Jumamosi alizitumia kwa jambo moja tu. Kila asubuhi, jikoni, kabla ya chai, alimwomba dada yangu aimbe wito. Dada yangu hana sauti, na tangu utotoni tulikuwa tukimtania kwamba akiimba kuku wanaacha kutaga. Lakini aliuimba, sauti tatu za kupanda, moja ya kushuka, huku akikoroga uji, na mumewe akautafuta kwenye gitaa lisilounganishwa na umeme. Siku nyingine aliupata mara moja. Siku nyingine alilitazama gitaa kama kitu cha mpangaji aliyehama. Dada yangu alimkumbusha kwamba wenzake wamekwisha kuuondoa. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, kisha akamwomba auimbe tena. Nadhani alikuwa amejiwekea nia kwamba, iwapo hakuna wa kumwita, basi yeye mwenyewe aite, mara hii moja, arejee na wenzake wote kwenye wimbo, na pale, ndani ya kiitikio, aage.

Onyesho la Jumamosi lilikuwa la uwanjani, mchana mweupe. Watu walikuwa maradufu ya wale wa ukumbini. Vijana walikuwa wamekwisha kuikariri rekodi, na waliimba hata makosa.

Sitaeleza nyimbo za mwanzo. Wimbo wa mwisho ulipoingia matembezini, Ratili alitembea nao kwa unyonge, akijibu zaidi kuliko kuuliza. Nilimwona akitazama mkono wake. Kisha akaacha kuutazama. Akainua uso, akamtafuta dada yangu kati ya watu waliokuwa mbele, akampata, na bila kusita akapiga wito.

Ulikuwa mzima. Sauti tatu zilipanda, moja ikashuka, safi kama jiwe la shaba linapowekwa juu ya sahani na mshale ukasimama pale panapostahili. Dada yangu alitoa sauti, kati ya kilio na kicheko.

Hakuna aliyerejea.

Walikuwa wakiusubiri ukimya. Wito kwao ulikuwa umekwisha kuondolewa. Alioupiga Ratili waliuchukua kama kosa jingine tamu, wakalifuata kama ilivyo desturi yao. Besi iliukata vipande. Tarumbeta iliugeuza juu chini. Binti aliusikia, nina hakika aliusikia, kwa maana alimtazama Kijiti kwa haraka, lakini Kijiti alikuwa amefumba macho kwa raha. Ratili akaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Vijana mbele ya jukwaa wakamwitikia kwa miluzi. Akaita mara ya tatu, na hapo niliona usoni mwake jambo ambalo sikuwahi kuliona hata siku ile hospitalini. Mtu huyu alikuwa na hakika kwamba hakukosea, na wakati huohuo alikuwa akianza kuamini kwamba amekosea, kwa sababu waliomjua kwa miaka yote hiyo hawakumwitikia. Mshale wake wa mwisho ulikuwa sahihi, nao wakamfanya auone umepinda.

Mikono ikamwanguka. Wenzake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kama walivyopatana. Ukimya ulikuwa mkamilifu, uwanja mzima. Makofi yaliyofuata yalisikika, wanasema, hadi barabara kuu.

Dada yangu alipanda jukwaani kwa ngazi za nyuma, akamvua mkanda wa gitaa, akamshika mkono wakashuka. Watu waliwapisha wakiendelea kushangilia. Ratili aliwapungia mkono, kwa adabu.

Baada ya siku ile hakupiga tena. Hakukataa, ila hakuliomba gitaa, na dada yangu hakuwa na moyo wa kumpa. Ugonjwa ulikwenda haraka kuliko alivyotabiri daktari. Karakana iliendelea kufunguliwa kwa miezi michache, kwa kuwa kukaa pale kulimtuliza. Alipanga mawe ya shaba kwa ukubwa, akayavuruga, akayapanga. Mizani za watu zilipelekwa kwa fundi mwingine. Binti wa kinanda alikuja kumwona mara kwa mara, akaketi naye, akaondoka akifuta macho. Baadaye nikasikia ameiacha bendi.

Kijiti hakuja kwa muda mrefu. Alipokuja, mimi nilikuwepo, kwa kuwa siku zile nilimpokea dada yangu zamu za mchana. Alisimama mlangoni akiwa na madoa ya rangi mikononi, mwembamba kuliko zamani. Alisema wamepata rekodi ya lile onyesho la uwanjani, na kwamba aliisikiliza peke yake gerejini, kisha akairudia, na safari hiyo, kwa kuwa hakuwa na fimbo mikononi, aliisikia vizuri.

Aliketi kwenye kigoda cha wateja, mbele ya Ratili, magoti yao yakikaribiana.

"Uliita," akamwambia. "Ulituita vizuri kabisa. Mara tatu."

Ratili alimtazama kwa upole. Alikuwa na ile sura ya fundi anayemsikiliza mteja asiyemfahamu, akisubiri kujua mizani yake ina kasoro gani.

"Nani aliita?" akauliza.

 Kijiti aliniangalia mimi.

"Rafiki yangu," akasema hatimaye. "Mpiga gitaa. Alikuwa anatuita turudi."

"Mkaenda?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mimi mwenyewe, nakiri, nilitamani aseme ndiyo, kwa kuwa hakuna ambaye angeumia. Kijiti aliinamisha kichwa.

"Hapana," akasema. "Hatukwenda."

Shemeji yangu aliligeuzageuza jiwe dogo la shaba kati ya vidole. Uso wake ulijaa huruma ya kweli, huruma anayoionyesha mtu kwa msiba wa watu wengine.

"Maskini," akasema. "Mtu yule sijui alijisikiaje."

Kijiti alitoka nje, akasimama mbele ya ofisi ya mpiga chapa akiwa ameuegemea ukuta. Nilimfuata nikidhani anahitaji maji. Aliniuliza iwapo anaweza kuja tena kesho kumwambia upya, labda kesho atamfahamu. Nikamwambia anaweza. Alikuja kesho yake, na siku iliyofuata, na nyingine nyingi, na kila siku alianza mwanzo, na kila siku Ratili alimsikitikia yule mpiga gitaa.